Majilio Malindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kungoja na kutumaini

Novemba ikielekea ukingoni, maswali yaleyale kuhusu Majilio, kipindi cha kungoja kabla ya Krismasi, huanza upya: mlangoni baada ya misa, kwenye jumuiya, ndani ya tuktuk tukirudi nyumbani. Nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Mimi ni Mkatoliki, hivyo taratibu za ibada ninazozitaja ni za kwetu, ingawa Waanglikana na Wamethodisti wataona mengi yanafanana na yao. Mwenye jambo la ndoa au la ungamo lililo zito amwone paroko wake, asinitegemee mimi.

Majilio huanza lini, na huchukua siku ngapi?

Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Kwa hiyo hayawezi kuanza kabla ya 27 Novemba wala kupita 3 Desemba. Jumapili zake ni nne daima, lakini siku zinapanda na kushuka: zikizidi ni 28, zikipungua ni 22. Jumapili hiyo ya kwanza ndiyo mwaka mpya wa Kanisa, na ndipo mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya misa unapohama kutoka mwaka A kwenda B, au B kwenda C, au C kurudi A. Mwisho wake ni jioni ya 24 Desemba.

Wengi hudhani ni kipindi cha kuhesabu siku za kufikia Krismasi tu. Nusu ya kwanza, hadi 16 Desemba, inazungumzia zaidi kurudi kwa Kristo siku ya mwisho. Kuanzia tarehe 17 ndipo masomo yanapogeukia Nazareti na Bethlehemu.

Kwa nini basi tunaanza na habari za mwisho wa dunia? Tangu Shakahola, mimi nikisikia maneno hayo mwili unanisisimka.

Una haki ya kusisimkwa, na mhubiri yeyote wa upande huu anayesoma Mathayo 24 kana kwamba hakuna kilichotokea anawakosea watu. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, humu humu katika kaunti yetu ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa: waumini waliojinyima chakula, wao na watoto wao, kwa imani kwamba hiyo ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Mochari ya hapa Malindi ilifurika. Familia zilitoa sampuli za DNA zikakaa kungoja, na miili ya kwanza kukabidhiwa jamaa ilitoka Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye.

Kwa hiyo tusome polepole. Injili inayosomwa Jumapili ya kwanza ya mwaka A inatoka sura ileile isemayo kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika. Anayekutajia tarehe, au mwezi, au anayekuambia uharakishe safari, anapingana na Yesu waziwazi. Huhitaji kusomea theolojia ili umtambue.

Kisha angalia wanaongoja wanafanya nini. Katika Luka 12 bwana wa nyumba yuko safarini, na wakili anayesifiwa ni yule aliyewekwa "awape watu posho kwa wakati wake". Posho! Si aliyewafungia ghala. Alama ya mtu anayemngoja Kristo sawasawa ni kwamba walio chini ya ulinzi wake wamekula. Yule mbaya katika habari hiyo ni anayewapiga wenzake, anakula na kulewa yeye, akisema bwana anakawia. Na Wathesalonike walipoingiwa na homa ya mwisho wa dunia, Paulo aliwaandikia wale walioacha kazi warudi kazini kwa utulivu na wale chakula chao wenyewe.

Ningependa hilo lisemwe kwa sauti katika kila kigango kutoka hapa hadi Mpeketoni: kumngoja Bwana huku sufuria iko mekoni, mtoto yuko shule, mgonjwa amepelekwa hospitali. Anayekutenga na ndugu zako, daktari na chakula kwa jina la kungoja, mwondokee, na upige simu polisi.

Je, Majilio yana lazima ya kufunga?

Hapana. Kwa sisi wa Kanisa la Kilatini siku za lazima ni mbili tu kwa mwaka, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na mtoto hahusiki wala mgonjwa. Zamani huko Galia, Ufaransa ya leo, katika karne ya 5, Askofu Perpetuus wa Tours aliagiza watu wafunge siku tatu kila wiki kuanzia 11 Novemba. Waorthodoksi wa Ethiopia hadi leo wana mfungo mrefu kabla ya Krismasi yao ya 7 Januari. Kwetu ukitaka kuacha kitu, acha soda, na pesa yake mpe mtu. Inatosha.

Wazee husema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa nini Kanisa linatungojesha tena?

Wazee hawakukosea. Kiswahili kimetupa methali mbili zinazovutana, hiyo na ile ya subira huvuta heri, na mimi naona ya pili hutolewa haraka mno, hasa na watu ambao hawangoji chochote. Biblia yenyewe haifichi maumivu ya tumbo. Mithali 13:12 inakiri kwamba tumaini likikawia moyo huugua. Zaburi ya 13 inaanza kwa "hata lini?" na kulirudia swali hilo kabla ya kusema lolote jingine. Isaya 64, inayosomwa Jumapili ya kwanza ya mwaka B, inapiga kelele: "Laiti ungepasua mbingu, na kushuka." Ni kilio cha watu ambao hekalu lao limeungua na miji yao imekuwa nyika. Hawamwambii Mungu kwamba hawana haraka.

Ndiyo maana sikubali kwamba Kanisa linatungojesha. Malindi watu wanangoja tayari. Kuna anayengoja matokeo ya KCSE, na kuna anayengoja mvua ya vuli ambayo imepita Magarini bila kushuka. Kuna mzee aliyezaliwa kwenye shamba lile, babake amezikwa hapo chini ya mkorosho, na hatimiliki haijatoka. Majilio yanawapa hawa maneno ya kumwambia Mungu na watu wa kusimama nao.

Lakini yana upande wa pili ambao haupendwi. Luka 3, mwaka C, watu wanamwuliza Yohana Mbatizaji, "Tufanye nini basi?" Yohana hawaambii wakasali zaidi. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari asidhulumu mtu, atosheke na mshahara wake. Kila mmoja anatajiwa palepale anapopatia riziki, na ndipo pagumu. Kwa hiyo kama wewe ndiye uliyekalia faili ya yule mzee, au ndiye unayesimamisha bodaboda ukitaka cha juu, Majilio yako hayaanzi na mshumaa. Anza na faili.

Binti yangu alikwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Simu ilikata, sasa ni kimya. Naomba kila siku. Je, nimekosa imani kwa kuuliza kama Mungu anasikia?

Mama, hujakosa. Jumapili ya tatu ya mwaka A inasimulia mtu aliyeuliza swali lako hasa, na huyo ni Yohana Mbatizaji. Alikuwa amemtangaza Yesu mbele ya umati kule Yordani. Sasa yuko gerezani kwa Herode, na kutoka humo anatuma wanafunzi wake wakaulize: "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Yesu hakumkemea. Aliwajibu wale wajumbe wakamweleze wanayoyaona: vipofu wanaona, viwete wanakwenda, maskini wanahubiriwa habari njema. Walipoondoka, akaanza kumsifu Yohana mbele ya watu.

Kuna jambo wahubiri hulipita mbio hapa. Katika ile orodha ya matendo, kufunguliwa kwa wafungwa hakumo. Isaya aliahidi hilo, Yesu mwenyewe alilisoma katika sinagogi la Nazareti, lakini Yohana hakuletewa, na mlango wa gereza haukufunguka. Alikatwa kichwa. Siwezi basi kukuahidi kwamba ukiomba sana simu italia kesho. Anayekuahidi hivyo akitaka sadaka ya mbegu, mkimbie. Ninachoweza kukuambia ni kwamba swali lako lilishaulizwa na mtu ambaye Yesu alimwita mkuu kuliko wote waliozaliwa na wanawake, na aliyeulizwa hakukasirika.

Na tafadhali usibaki kwenye maombi peke yake. Mwende pamoja na mtu mwingine kutoka jumuiya, mtoe taarifa polisi na kwa chifu, mpeleke jina la wakala aliyemsafirisha, nakala ya pasipoti na namba ya mwisho aliyotumia. Wizara ya Mambo ya Nje ina dawati la Wakenya walio ng'ambo. Mtu akikuambia kufuatilia ni kukosa imani, mkumbushe yule mjane wa Luka 18 ambaye hakumpa hakimu usingizi.

Tumefiwa mwaka huu. Watoto wanauliza kama tutapika pilau ya Krismasi. Nifanye nini?

Pikeni kama mna nguvu. Msipike kama hamna. Hakuna dhambi upande wowote. Nimeona nyumba iliyoweka sahani ya marehemu mezani, na nyingine iliyokwenda kwa shangazi Watamu ili isiwe mahali palepale. Majilio yanamfaa mfiwa kuliko Krismasi yenyewe, kwa sababu hayamlazimishi kuchangamka. Wimbo wa Utukufu hauimbwi, altare haina maua mengi, na masomo yanaruhusu mtu kusema bado ni usiku. Kama tarehe 25 ni nzito mno, njoo misa ya siku za kazi kati ya tarehe 17 na 23. Watu ni wachache na hakuna atakayekuuliza mbona umekonda.

Nafanya kazi hotelini. Desemba ndiyo msimu wetu, zamu mbili mbili. Majilio nitayafanya saa ngapi?

Swali hili ndilo la Malindi hasa. Kaskazi imeanza kuvuma, maji yametulia na kuwa safi, Waitaliano wanajaa, na pesa ya Desemba ndiyo itakayolipa karo ya Januari. Anayekwambia uache zamu ili uhudhurie novena hajui bei ya sare za shule.

Chukua mstari mmoja, Zaburi 130:6: "Nafsi yangu inamngoja Bwana, kuliko walinzi waingojavyo asubuhi." Mwandishi hakutafuta mfano wake hekaluni, alitazama watu wa zamu. Nenda barabara ya Casuarina saa kumi usiku umwone askari wa lango. Chai ya chupa imeisha. Kabuti limelowa umande, redio ameizima asimwamshe mwenye nyumba, mbu bado wanamzunguka vifundoni. Anazunguka ukuta mara nyingine, anarudi kitini. Hajui kama mwizi atakuja usiku huu. Lakini hana shaka hata kidogo kwamba adhana ya alfajiri itasikika, kisha jogoo, kisha tuktuk ya kwanza, kisha mwenzake wa mchana, ambaye huchelewa. Kungoja kwake kuna macho, na kuna rungu mkononi.

Basi fanya hivyo kazini. Sema mstari huo unapofungua zamu, uufunge nao. Misa ya Jumapili ikikugongana na kazi, kuna ya Jumamosi jioni katika parokia nyingi. Na wewe mwenye hoteli unayesoma hapa, mhudumu wako Mkristo akiomba saa mbili za kwenda kanisani mkesha wa Krismasi, hakuombi ziada.

Shada la mishumaa minne ni desturi ya Kiafrika au ya Kizungu? Tutalitengenezaje hapa?

Ni ya Kijerumani, na si ya Kikatoliki kwa asili. Mwaka 1839 mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, aliyelea watoto maskini mjini Hamburg, alichukua gurudumu la mkokoteni akalipanga mishumaa, midogo ya siku za kazi na minne mikubwa ya Jumapili, kwa sababu watoto walikuwa wakimwuliza kila siku Krismasi itafika lini. Sisi tulilipokea baadaye sana. Kulitumia si lazima.

Huku hakuna misonobari, na yale majani ya plastiki ya supamaketi siyapendi. Tumieni mvinje, imejaa ufuoni, na matawi yake membamba hukunjika vizuri kuzunguka ungo wa zamani. Mishumaa ya zambarau ikikosekana, nunueni myeupe ile ya dukani mnayowasha stima ikipotea, muifunge utepe wa kitambaa, mitatu zambarau na mmoja waridi. Jambo moja la kuangalia: msiliweke dirishani. Joto la mchana wa Desemba huulainisha mshumaa hadi ukapinda kabla haujawashwa hata mara moja, na ikifika Jumapili ya tatu mnakuwa na mishumaa inayoinama kama imesikia habari mbaya. Wekeni ndani, kwenye sinia, mbali na pazia.

Kwa nini padre huvaa rangi ya waridi Jumapili ya tatu?

Hiyo ni Jumapili ya Furaha, kutokana na Wafilipi 4:4, "Furahini katika Bwana siku zote." Majilio yamevuka nusu, zambarau inalegezwa kidogo. Kumbuka pia kwamba katika Majilio Aleluya inabaki, tofauti na Kwaresima ambapo inanyamaza kabisa.

Kwaya yetu inataka kuanza nyimbo za Krismasi mapema Desemba. Ni kosa?

Zoezeni mtakavyo, na shuleni au kwenye ukumbi imbeni, ila ndani ya misa ngojeni. Najua mjini nyimbo hizo zinapigwa tangu mwanzo wa Novemba, na walimu wa kwaya wananiona mkali. Lakini mkiziimba wiki nne, usiku wa mkesha mtaimba kitu kilichokwisha kuchosha masikio. Kuanzia tarehe 17 hadi 23 kuna hazina ambayo kwaya nyingi haziigusi: antifona saba za kale, yaani viitikio vifupi vya kuimbwa, za Masifu ya Jioni, moja kila siku. Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, Ee Ufunguo wa Daudi, Ee Mapambazuko, Ee Mfalme wa Mataifa, Ee Emanueli. Kila moja inamwita Kristo kwa jina kisha inasema "njoo". Zinakubali kabisa mahadhi ya Kigiriama, na ngoma ya taratibu haiziharibu.

Jirani yangu Muislamu ameniuliza tunamngoja nani. Nimjibu vipi bila kuleta mabishano?

Mjibu moja kwa moja: tunamngoja Yesu, ambaye tunaamini alikuja na atarudi. Yeye pia amefundishwa kwamba Nabii Isa atarudi, kwa hiyo hatashangaa. Maryam ana sura nzima katika Kurani, ya 19, na humo anashikwa na uchungu chini ya mtende. Tunatofautiana kuhusu Isa ni nani, na hilo ni jambo kubwa. Msilifiche wala msilifanye ugomvi wa barazani. Mkimpelekea sahani ya mahamri tarehe 25, atawaletea zake siku ya Idi, kama ilivyokuwa kabla yenu nyote wawili.

Kanisa letu la Kipentekoste halina Majilio. Naweza kuyafuata nyumbani?

Waweza. Soma Isaya sura ya 40 na Luka 1 jioni jioni. Hakuna atakayekudai kadi.

Kuna mahali pa kukaa kimya mjini?

Kanisa kuu la Mtakatifu Antoni huwa na watu wachache mchana. Mwenye kupenda mambo ya kale aende kile kikanisa cha Wareno karibu na bahari, chenye makaburi uani. Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akiwa njiani kwenda Goa. Siku hizi kikanisa ni mahali pa kihistoria panaposimamiwa na Makavazi ya Taifa, kwa hiyo kuna kiingilio. Nenda asubuhi kabla ya makundi ya wageni.

Ungamo: nije lini?

Mapema. Mkesha wa Krismasi foleni hufika barabarani na padre ni mmoja.

Tarehe 24 ikiangukia Jumapili, misa ya jioni inahesabika kwa zote mbili?

Haihesabiki. Ilitokea 2023 na itatokea tena 2028. Asubuhi ya siku hiyo bado ni Jumapili ya nne ya Majilio, na jioni ni mkesha wa Krismasi. Ni wajibu mbili, kwa hiyo misa ni mbili. Ya Jumapili unaweza kuimaliza Jumamosi jioni, na ya Krismasi ukaisali usiku wa 24 au siku yenyewe ya 25. Wanaopamba kanisa wajipange mapema, kwa sababu zambarau hutolewa na meupe kuwekwa ndani ya saa chache, na mwenye funguo za stoo siku hiyo kwa kawaida amekwenda sokoni.